Kapasita ya Feni Kubwa

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Tangu alipokuja kujifunza ufundi umeme alikuwa na tabia ya kuchomeka testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, kwenye kilemba, kama wanawake wengine wanavyochomeka pini, basi wakamwita Testa, na jina likamganda. Baba yake hakupendezwa. "Nilimpa jina zuri la bibi yake," alikuwa akilalamika, "nyie mnamwita kama bisibisi." Lakini na yeye jina lake lilishapotea zamani. Alikuwa Mzee Beringi, fundi mitambo wa hapo hapo, mtu aliyeweza kusimama mlangoni, akafumba macho, akakwambia ni mashine ipi itakufa kabla ya mwisho wa wiki.

Kiwanda kilikuwa cha plaiwudi na milango. Ukiingia getini unakutana na harufu ya gundi na mbao mbichi, halafu kelele: misumeno, randa, mashine za kubana. Nyuma ya jengo, juu ya jukwaa la chuma lenye ngazi nyembamba, ilikaa feni kubwa iliyofyonza vumbi la mbao kutoka kwenye mashine zote na kulitema kwenye ghala la vumbi. Gurudumu lake la mapanga ya chuma lilikuwa pana kuliko meza ya watu sita, na likisha kuzungushwa lilikuwa halitaki kusimama. Ukizima umeme, inaendelea kuvuma peke yake kwa muda mrefu, ikishuka sauti polepole kama mtu anayesinzia huku akiongea.

Testa alianza kwa kubeba mabunda ya waya na akapanda hadi kuwa mkuu wa mafundi umeme. Hakuna mwanamke aliyewahi kushika nafasi ile pale. Mzee alijivuna hadi wenzake wakamchoka. Wakati wa chai ilikuwa lazima amtaje. Mtu akisema nyumbani kwake taa zinapepesa, mzee anajibu, "Nenda kwa mwanangu." Mtu akisema ana maumivu ya mgongo, wenzake wanadakia, "Mpeleke kwa mwanawe!"

Kisa chenyewe kilianza na bili ya umeme. Kampuni ya umeme iliongeza faini kila mwezi, na kwenye bili iliandikwa kwamba kosaini ya kiwanda ilikuwa mbaya. Meneja wa uzalishaji, mtu mfupi asiyejua kukaa kitini, alimwita Testa ofisini akaipigapiga ile karatasi kwa kidole.

"Kosaini. Kosaini ndiyo nini? Kosa ni la nani?"

Wote waliokuwa ofisini wakacheka, na tangu siku hiyo mafundi hawakusema tena kosaini. Walisema "kosa la nani".

Jioni ile baba yake naye aliuliza, kwenye chakula. "Nieleze," alisema, "lakini usinieleze kama mtoto wa chekechea."

"Mota, baba, inataka umeme wa namna mbili. Mmoja unafanya kazi: unazungusha shafti, unapasua mbao. Mwingine hauzungushi kitu. Unatengeneza sumaku tu humo ndani, ili ule wa kwanza upate pa kushika. Huo wa sumaku mota inauazima na kuurudisha, inauazima na kuurudisha, saa zote. Ni kama jirani anayekuja kuazima sufuria kila siku. Anairudisha safi, hajakuibia. Lakini unachoka kumfungulia mlango."

"Na kampuni ya umeme imechoka."

"Imechoka. Waya zake zinabeba mzigo wa kwenda na kurudi usiokata hata ubao mmoja. Kosaini ndiyo inayopima hilo."

Mzee alitafuna, akafikiri. "Basi jirani anunue sufuria yake."

"Ndiyo kapasita hiyo, baba. Unaifunga kwake, anaazima humo humo ndani."

Mzee alimgeukia mkewe. "Unasikia akili hiyo? Imetoka kwangu."

"Na domo je?" mama akasema. "Limetoka kwa nani?"

Testa alifanya hesabu. Alichukua mzigo wa kiwanda kizima, akaangalia kosaini iliyopo na ile inayotakiwa, akapata kilovari zinazopungua, yaani kipimo cha huo umeme wa sumaku. Hesabu ile ilikuwa safi, na hata mhandisi aliyekuja baadaye hakuiona doa. Kilichokuwa kigumu ni pa kuziweka. Njia nzuri ilikuwa kabati moja kando ya bodi kuu ya umeme, lenye kapasita nyingi ndogondogo zinazoingia na kutoka zenyewe kadiri mashine zinavyowashwa na kuzimwa. Kabati hilo lilipaswa kuagizwa, na lingechukua miezi. Meneja hakuwa na miezi. Stoo kulikuwa na kapasita kubwa kubwa zilizonunuliwa zamani kwa ajili ya mashine ambazo hazikufika.

"Si kapasita hizo?" meneja aliuliza. "Zifunge kwenye mota zenyewe, mambo yaishe."

Na kweli inaruhusiwa, kapasita kufungwa kwenye mota yenyewe. Ila kuna sharti, na Testa alilijua. Chuoni mwalimu wao alilirudia hadi wakamwigiza nyuma ya mgongo wake: kapasita ya mota isizidi sumaku ya mota. Ukitaka kujua sumaku hiyo ni kiasi gani, unaondoa mikanda, unaiacha mota izunguke tupu, unapima inakula umeme kiasi gani. Kwa mota nyingine haikuwa taabu. Alizipima moja moja na kuzipa kapasita zinazozitosha. Lakini feni kubwa ikisimama, vumbi halina pa kwenda, na vumbi likikosa pa kwenda kila msumeno unasimama.

"Nahitaji nusu siku," alimwambia meneja, mbele ya makarani.

"Testa! Unifungie kiwanda nusu siku ili utazame mota ikizunguka bure?" Meneja alitazama huku na huku akitafuta mashahidi. "Au unaogopa?"

Makarani wakacheka. Testa naye akacheka. Miaka baadaye, kilichomchoma kuliko yote ni kule kucheka kwake. Meneja asingemfukuza. Angenung'unika, kisha angempa hiyo nusu siku. Lakini Testa alikuwa ameingia ofisini mle mara nyingi akijua kwamba watu wanasubiri aseme jambo la woga wamwambie, si tulisema? Hakutaka kulisema yeye. Akacheka na wenzake, akatoka, akajiambia kwamba mota ni kubwa, basi na kapasita iwe kubwa. Stoo kulikuwa na ya kilovari hamsini. Feni ile, kama ingepimwa, ingestahili ishirini na kidogo. Akaifunga ya hamsini, na kosaini ikapanda vizuri mno, na mafundi wakampigia makofi.

Wiki kadhaa zilipita kwa amani. Kisha asubuhi moja Mzee Beringi alishuka kutoka jukwaani akifuta mikono. "Beringi ya mbele inalia," alisema. "Nizimie, niishushe mota kabla haijajila yenyewe."

Testa aliingia chumba cha bodi, akaivuta swichi ya feni, taa yake ikazimika. Akatia kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Kazi ilifanyika kama ilivyofanyika siku zote, isipokuwa kwamba siku hiyo testa haikutoka kwenye kilemba. Swichi imefunguka, taa imezima, kufuli lipo. Apime nini tena? Alitoka uani akanyanyua kidole gumba. Mzee, akiwa juu, naye akanyanyua chake.

Feni ilikuwa bado inavuma. Kuzifungua nyaya ilikuwa kazi ya mafundi umeme, lakini mzee alikuwa na desturi yake ya miaka: feni ikiwa inashuka, yeye anafungua kisanduku cha nyaya ubavuni mwa mota na kuanza kulegeza nati, ili ikisimama wasipoteze muda. Testa alimwona akifanya hivyo tangu alipoanza kazi. Haikuwahi kumdhuru. Mota isiyo na umeme ni chuma tu.

Alisikia mlio mfupi, kama mtu amekohoa. Alipogeuka, baba yake alikuwa anaanguka kutoka jukwaani, na spana ikaanguka baada yake.

Hakufa. Mkono wa kulia uliungua kwenye kiganja na vidole, na nyonga ikavunjika. Mrefu, fundi umeme mwenzake Testa, ndiye aliyemfikia kwanza. Testa alibaki amesimama uani, kidole gumba bado hakijashuka sawasawa, hadi mtu akamsukuma.

Ripoti iliandikwa upesi. Swichi ilikuwa imefunguliwa, kufuli lilikuwapo, ufunguo ulikuwa kwa mhusika. Basi mzee alikosea: aligusa nyaya zisizomhusu, bila kuhakikisha. Meneja aliisoma hospitali kwa sauti ya upole, na mzee, akiwa na bandeji hadi kwenye kiwiko, alitikisa kichwa kukubali.

"Kweli," alisema. "Haraka. Uzee na haraka haviendi pamoja."

Testa, aliyekuwa amesimama upande wa miguu ya kitanda, alikubali pia, kwa siku chache. Alidhani labda waya umechubuka mahali, au kapasita ilibaki na chaji. Lakini kapasita zile zilikuwa na vitu vya kumwaga chaji, na alivikagua mwenyewe. Jambo likamkereketa. Mchana mmoja, wafanyakazi wakiwa kwenye chakula, alimwomba Mrefu wapande jukwaani. Mota ilishatengenezwa na kurudishwa, na kapasita ilikuwa pale pale. Walishikiza nyaya za mita kwenye mota, wakasimama mbali, wakaiwasha feni hadi ikakolea, kisha Mrefu akaenda kuizima.

Namba kwenye mita ilipaswa kuanguka. Haikuanguka. Ilitikisika, ikapanda, ikapita hata ile ya laini ya umeme yenyewe, ikakaa hapo huku feni ikivuma. Swichi imefunguka, kufuli lipo, na mota inatoa umeme. Kisha, feni ilipopungua mwendo, namba ikaporomoka ghafla hadi chini kabisa.

Mrefu alirudi akakuta Testa ameketi kwenye chuma, ameshika kilemba kwa mikono miwili.

"Imekuwa jenereta," Testa alisema. "Nimeipa sumaku ya kuitosha na kubaki. Feni inaizungusha, kapasita inailisha, haihitaji tena umeme wa mtu."

Mrefu alikuwa mtu mwema, na aliongea kama mtu mwema anavyoongea akiogopa kwa niaba ya mwenzake. "Tuitoe hiyo kapasita leo, tuweke ndogo. Tuseme imechakaa. Basi."

"Na mzee?"

"Mzee anapona. Ripoti imeshaandikwa. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, dada, na waosha ni sisi wawili tu."

Waliitoa siku hiyo hiyo. Na Testa akanyamaza.

Kila jioni alipita hospitali. Mkono wa baba ulikuwa haufai kushika kijiko, basi yeye ndiye aliyemlisha uji. Alimpulizia, akamfuta ndevu, na mzee akawaambia wagonjwa wenzake, "Mnamwona? Anaongoza wanaume kumi kiwandani, na ananilisha kama mtoto." Wagonjwa walimtazama Testa kwa heshima. Alijifunza kutazama bakuli.

Halafu meneja alikuja na matunda, na furaha imemjaa. Bili mpya ilifika, faini haikuwamo. Alilisema jambo hilo pale kitandani, kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa wodi. "Mzee, binti yako ametuokoa. Mkurugenzi mwenyewe ameuliza, ni nani huyu? Nikamwambia, ni mtoto wa Mzee Beringi!"

Mzee alijaribu kupiga makofi. Mkono mmoja ulikuwa kwenye bandeji, kwa hiyo aliupiga huo mzima kwenye paja lake, pa, pa, pa, na yule mgonjwa wa kitanda cha pili akamsaidia kwa mikono yake miwili. Testa alisikia uso wake ukiwaka kama umewekwa mbele ya tanuri. Alisema, "Asante," akachukua bakuli la uji, akaenda kuliosha chooni, akarudia kuliosha hadi muuguzi akagonga mlango.

Angeweza kuendelea hivyo, maana mtu huzoea hata kiatu kinachombana. Kilichomshinda ni yale aliyoyaona baada ya baba yake kurudi nyumbani.

Mzee alitembea na fimbo, na daktari alisema atembee zaidi. Hakutaka kutoka chumbani. Wenzake wa kiwandani walikuja kumjulia hali, naye akamwambia mkewe aseme amelala. Wakaja tena, amelala. Hata kwenye ile benchi ya nje, ukutani kwa jirani fundi cherehani, ambako alikuwa akikaa kila jioni na kugombana na watu kuhusu mpira, hakwenda.

Jumapili moja Testa alimkuta mama yake uani, ametandaza gunia, na juu yake spana zote za mzee, vifaa vya kung'olea beringi, nyundo zake za shaba. Anazipaka mafuta moja moja.

"Anataka vijana wa karakana wagawiwe," mama alisema.

"Kwa nini? Daktari kasema vidole viwili tu ndivyo havitakunja."

"Si vidole." Mama alishusha sauti na kutazama dirisha. "Baba yako haoni haya kwa mguu, wala kwa mkono. Anaona haya kwa akili yake. Ananiambia, mama nanihii, nimeshika waya kama mwanagenzi wa jana. Anasema wakimwona watasema, yule mzee aliyejisahau. Juzi nilimkuta analia, mwanangu. Miaka yote hii sijapata kumwona akilia."

Testa alikaa kwenye gunia katikati ya spana. Ndipo alipoelewa kwamba aibu aliyoificha haikupotea mahali. Ilikwenda kumkalia mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa anaivaa kama nguo aliyoshonewa.

Aliingia chumbani. Mzee alikuwa kitandani, amegeukia ukuta.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Mama yako amekwambia kuhusu vyombo? Nyundo ya shaba mpe Mrefu."

"Baba, si wewe uliyekosea."

"Usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Unakumbuka sufuria za jirani?" Sauti yake ilikuwa ngeni kwake mwenyewe. "Mota ya feni niliipa sufuria nyingi mno. Zaidi ya mara mbili. Nilipomfungia jirani mlango, aliendelea kupika peke yake. Feni ilipokuwa inazunguka, mota ilikuwa na umeme, baba. Mwingi kuliko wa laini. Mtu yeyote angefungua kile kisanduku angepigwa. Ulichofanya wewe ni kile kile ulichofanya siku zote. Aliyebadilisha ni mimi."

Mzee alijigeuza polepole, kwa shida ya ile nyonga.

"Hukujua."

Ulikuwa mlango ulioachwa wazi. Angepita tu.

"Nilijua kuna sharti. Tulifundishwa. Nilitakiwa kupima, meneja akanicheka, nikaacha."

"Alikukataza?"

"Hapana. Alinicheka tu."

"Na siku ile, kabla ya kuninyanyulia kidole? Ulipima kwenye bodi?"

Testa alitikisa kichwa kukataa. Kama angepima pale, kwenye waya unaokwenda kwenye mota, angeona.

Mzee hakupiga kelele. Alisema tu, "Nenda nje kidogo," kama anavyoambiwa mtu wakati mgonjwa anabadilishwa nguo. Testa akatoka.

Mama alikuwa amesimama karibu na mlango, kitambaa cha mafuta mkononi. Alisikia yote.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu yuko hospitali."

Mama alikunja kile kitambaa, akakikunjua. "Kwa hiyo ulikuwa unamlisha uji ukijua." Akainama akaendelea kupaka spana mafuta, na jioni hakumwekea chakula.

Kesho yake Testa aliingia kwa meneja akamwambia ripoti ifunguliwe upya. Meneja alifunga mlango kwanza. "Una wazimu? Faini imeondoka, mzee yuko hai, wewe unatajwa kwa wakubwa. Unataka nini?"

"Nataka iandikwe kwamba baba hakukosea."

"Itaandikwa kwamba nani amekosea?"

"Mimi."

Meneja alizunguka meza yake mara kadhaa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka, na sasa haraka yake ilikosa pa kwenda. Mwishowe kiwanda kilimwita mhandisi kutoka nje, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani shingoni. Alisimamisha feni nusu siku, mikanda ikatolewa, mota ikazungushwa tupu, ikapimwa. Kila mashine ilinyamaza. Wafanyakazi walikaa uani kwenye marundo ya mbao wakitazama, na Testa ndiye aliyeshika nyaya za mita.

"Jumla umeipata vizuri," mhandisi alimwambia baadaye, mbele ya meneja. "Tatizo ni kuipa mota moja mzigo wa wenzake. Kwa nini feni hii haikupimwa?"

Meneja aliangalia dirisha. Testa alijua kwamba akimtaja hatakuwa amesema uongo.

"Nilikubali isipimwe," alisema. "Saini ni yangu."

Ukuu wa mafundi ulitolewa kwake akapewa Mrefu, ambaye kwa wiki nzima alishindwa kumpa kazi bila kusema samahani. Mzee alisafishwa kwenye ripoti na akapata haki yake ya mtu aliyeumia kazini. Kabati la kapasita liliagizwa, likaja, likafungwa kando ya bodi kuu, na faini haikurudi. Testa alipita mbele ya kabati hilo kila siku. Hakuna aliyemsema usoni. Waliacha tu mzaha wa kosa la nani. Akiingia yeye, mtu anaumeza katikati. Hilo lilimuuma kuliko kama wangeusema.

Na mzee? Baada ya ile Jumapili hakumsemesha kwa muda. Salamu aliitikia, basi. Lakini siku ile ripoti mpya ilipoletwa nyumbani, alimwomba mkewe amsomee mara mbili, akavaa shati la kutokea, akachukua fimbo, akatoka hadi kwenye benchi ya fundi cherehani. Alikaa hapo hadi giza likaanza kuingia. Alikuwa anasimulia.

Alisimulia siku ile, na kesho yake, na keshokutwa. Alimsimulia muuza mkaa, alimsimulia kinyozi, aliwasimulia wale wenzake aliowakimbia. Wote walipaswa kujua kwamba Mzee Beringi hakujisahau. "Si mimi! Ilikuwa ni kapasita. Nani aliifunga? Binti yangu. Ndiyo, huyu huyu. Aliipa sufuria nyingi!" Alieleza habari za sufuria vizuri kuliko Testa alivyomweleza yeye. Hakukuwa na ubaya kwenye sauti yake. Ilikuwa sauti ya mtu aliyerudishiwa kitu chake na sasa anapita nacho mtaa mzima kukionyesha.

Kwa hiyo mtaa ukajua wote. Testa akitoka kazini, wanawake bombani wanapunguza sauti. Muuza duka akimpa balbu anasema, "Hii haina sufuria nyingi, eh?" halafu anajutia utani wake. Alifikiria kuhama. Alifikiria kumwomba baba apunguze. Lakini kila alipokaribia nyumba na kuisikia ile sauti ya zamani, ya kubishana na kutamba, ikitoka kwenye benchi badala ya kuzimika chumbani, alishindwa kuomba. Alijifunza njia ya kupita: anainamisha kichwa, anasalimu, anaingia ndani. Mama alikuwa ameanza kumwekea chakula tena, bado bila maneno mengi.

Jioni moja alimkuta baba na mgeni, mtu wa kupita aliyekuja kushonewa suruali. Mzee alikuwa amefika kwenye kuanguka.

"...ikalipuka! Bum! Moshi mweusi, nikarushwa hadi kule..."

Testa alisalimu, akainamisha kichwa, akataka kuingia. Mzee alinyoosha fimbo, si kumzuia, bali kama mtu anayeonyesha.

"Ndiye huyu," alimwambia mgeni. Kisha akajisogeza kwenye benchi, kwa taabu, akiivuta ile nyonga, hadi pakabaki nafasi ya mtu mmoja.

Testa alisimama. Mgeni alimtazama kwa macho ya mtu asiyejua kama acheke au asikitike. Fundi cherehani alisimamisha mguu kwenye mashine. Uso ukamwaka kama siku ile wodini, na alijua kwamba utawaka hivi hivi muda mrefu.

Akakaa.

"Ni kweli, dada?" mgeni aliuliza.

"Ni kweli." Akaweka mfuko wa vyombo miguuni. "Ila haikulipuka, baba. Wala hapakuwa na moshi. Ingekuwa imelipuka ningejua siku ile ile."

Mzee aligeuza shingo kumtazama. "Haikulipuka?"

"Haikulipuka."

Mzee alifikiri, akigongagonga fimbo chini. "Basi eleza wewe," alisema. "Mimi huku mwisho huwa nachanganya."

Na Testa akaanza kueleza, tangu kwenye ile ofisi waliyocheka.